Salio Limegoma: Taarifa ya Benki Inapoingia Kwenye Programu ya Uhasibu

Karibu kila programu ya uhasibu, iwe ya kulipia kama QuickBooks, Xero na Zoho Books au ya bure kama GnuCash, ina sehemu ya kuingiza taarifa ya benki. Mwenye duka akiiona mara ya kwanza anapumua: kumbe ile kazi ya kukesha na makaratasi, kunakili muamala mmoja baada ya mwingine, imepata mwarobaini. Anapakua taarifa ya mwezi, anaipakia, na mistari inamwagika kwenye skrini. Kisha anatupia jicho salio. Benki inasema shilingi milioni nne na ushee. Programu inasema hasi milioni nne, au inataja namba isiyofanana na chochote anachokijua. Wengi huishia hapo. Wanarudi kwenye daftari wakiwa na hakika kwamba ama programu ni mbovu ama benki imewapiga.

Kwa kawaida hakuna aliyepigwa. Shida ni kwamba nyuma ya kitufe kimoja kuna kazi tatu zisizofanana. Kuna kulisoma faili: tarehe ipi, kiasi gani, kimeingia au kimetoka. Kuna kutambua kama mstari huo tayari umo vitabuni. Halafu kuna kuamua fedha hiyo ni ya nini: mauzo, deni la mteja lililolipwa, mkopo, au wewe mwenyewe umehamisha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kompyuta inaiweza ya kwanza ikielekezwa sawasawa. Ya pili inaikisia. Ya tatu haiijui, ingawa programu za siku hizi hujitia kuijua. Makosa ya kila kazi yana dalili zake, na mtu akizifahamu hana haja ya kufuta kila kitu aanze upya.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, maana lina usumbufu wa kila aina: akaunti ya benki, Lipa Namba imebandikwa ukutani, mashine ya kadi kaunta, wateja wachache wanaokopeshwa kwa ankara, na mwenye duka ambaye mfuko wake na wa duka havijawahi kutengana vizuri. Tunaingiza taarifa ya Machi 2024. Tuseme salio la mwanzo wa mwezi ni 1,650,000.

DR na CR ni za nani

DR ni debiti na CR ni krediti, pande mbili za kila muamala. Hapa hata waliosomea uhasibu huteleza. Taarifa ya benki ni nakala ya leja ya benki, yaani daftari lake la hesabu, wala si ya kwako. Fedha uliyoweka ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe, kwa hiyo ukiweka milioni moja benki inaandika CR. Kwenye vitabu vyako akaunti ya benki ni mali, na mali ikiongezeka unaandika DR. Muamala mmoja, vitabu viwili, pande mbili tofauti, na kila mmoja yuko sahihi.

Baadhi ya benki hutoa faili lenye safu moja ya kiasi na safu nyingine yenye herufi DR au CR. Ukiiambia programu kwamba DR ni ongezeko, kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa darasani, kila kitu kinapinduka: mauzo yanageuka matumizi, makato yanageuka mapato. Ikiwa akaunti ilianza na sifuri, benki na kwenye programu pia, salio litakuwa namba ileile ya benki ila na alama ya kutoa mbele yake. Ukiona hivyo usihangaike na mstari mmoja mmoja. Rudi kwenye mipangilio ugeuze alama.

Mimi hupenda kipimo kidogo kabla ya kukubali chochote: natafuta mstari wa makato ya benki. Makato hayajawahi kumwongezea mtu salio. Kama kwenye dirisha la hakiki, linaloonyesha miamala kabla haijaingizwa, makato yameonekana kama fedha iliyoingia, jibu limeshapatikana.

Faili lenyewe

Faili linalopatikana kirahisi zaidi ni CSV, maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato. Mstari wa duka letu unaweza kuonekana hivi:

05/03/2024,LIPA NAMBA KWENDA BENKI,,"485,000.00","2,135,000.00"

Mikato miwili iliyofuatana inamaanisha safu ya kilichotoka iko tupu. Alama za kunukuu zinazuia mikato ya maelfu isidhaniwe kuwa mipaka ya safu. Juu ya mistari kama huu benki huweka jina la mteja, namba ya akaunti, tawi na kipindi. Chini huweka jumla na pengine tangazo la huduma mpya. Programu haijui kwamba hayo si miamala. Lazima uiambie iruke mistari mingapi ya mwanzo na mingapi ya mwisho. GnuCash ina visanduku vya kazi hiyo, na inakuruhusu kuhifadhi mipangilio kwa jina ili mwezi ujao usianze upya. Hifadhi mpangilio mmoja kwa kila benki. Hakuna benki mbili zinazopanga safu sawa.

Tarehe ndiyo mtego mkubwa. Benki zetu huandika siku kwanza, kisha mwezi: 05/03/2024 ni tarehe 5 Machi. Programu iliyowekwa kwa mazoea ya Marekani husoma mwezi kwanza, na tarehe hiyo inakuwa 3 Mei. Kosa hili linajitangaza lenyewe. Miamala ya tarehe 1 hadi 12 Machi yote inahamia tarehe 3: mmoja 3 Januari, mwingine 3 Februari, hivyo hivyo mpaka 3 Desemba, na wa 3 Machi pekee unabaki mahali pake. Kuanzia tarehe 13 programu inagoma, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Ukikuta duka limefanya biashara kila tarehe 3 ya mwezi mwaka mzima, usitafute sababu nyingine.

Halafu kuna Excel. Mtu analifungua faili kwa Excel "kuliangalia tu", analihifadhi, analifunga. Katika kuangalia huko Excel imeshaamua mambo kadhaa bila kuuliza. Namba ya akaunti iliyoanza na sifuri imepoteza sifuri. Kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu kumi na mbili inayoanza na 99, imegeuka 9.91235E+11, na ukihifadhi tena kama CSV hayo ndiyo yanayoandikwa. Tarakimu zilizobaki zimekwenda na maji. Siku TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, ikikuuliza malipo haya ni ya ankara ipi, huna cha kuonyesha. Msidhani ni sisi wenye maduka tu tunaosumbuliwa. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya jeni kadhaa, MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel ilikuwa ikizigeuza tarehe kwenye majedwali ya wanasayansi. Wao waliona ni nafuu kubadili majina kuliko kuibadili Excel. Ushauri wangu ni kwamba faili la benki liende kwenye programu kama lilivyoshuka. Ukitaka kulitazama, tengeneza nakala.

Kwa wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi, ambako kompyuta nyingi zimepangwa kwa Kifaransa, mkato ndio unaotenganisha senti, hivyo CSV yao hutumia nukta-mkato kati ya safu. Faili hilo likiingizwa kwenye programu iliyopangwa Kiingereza, mstari mzima unaangukia safu moja. Dawa ni kuchagua kitenganishi sahihi. Faili halina ubovu. Na wenye wateja akina Ng'ang'a na Ng'humbi wakiona jina limejaa alama za ajabu mahali pa kiritifaa, wajue faili limesomwa kwa usimbaji wa herufi (mpango wa kuandika herufi kwa namba) usio wake. Chagua UTF-8, na ikishindikana Windows-1252.

CSV ina udhaifu mmoja ambao mipangilio haiwezi kuutibu: hakuna kanuni inayosema muamala utambulishwe vipi. OFX, muundo wa faili la benki ulioanzishwa mwaka 1997 na Microsoft, Intuit na CheckFree, uliliona hilo. Kila muamala kwenye OFX hubeba kitambulisho kiitwacho FITID ambacho benki haitakiwi kukirudia ndani ya akaunti moja. Ukipakia faili lilelile mara mbili, programu inalinganisha vitambulisho na kuuacha ulioingia tayari. QIF, muundo mwingine wa faili wa zamani zaidi, haina kitu hicho, na tarehe zake zina utata uleule wa siku na mwezi. Benki ikikupa nafasi ya kuchagua kati ya QIF na OFX, chagua OFX.

OFX nayo ina kituko chake. Tarehe zake zinaweza kubeba saa na ukanda wa saa, na faili likiandikwa kwa saa za Greenwich sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Malipo ya saa saba usiku wa kuamkia Januari mosi yataonekana ya saa nne usiku, Desemba 31. Programu isipoyarekebisha, mauzo ya mwaka mpya yameingia mwaka uliopita. Kwa duka la saruji si neno. Kwa baa ni jambo zito.

Makampuni makubwa hupewa MT940, muundo wa SWIFT, mtandao unaounganisha benki duniani. Ukiufungua unaonekana kama maandishi ya siri, lakini una nidhamu ambayo CSV haina:

:60F:C240301TZS1650000,00
:61:2403050305C485000,00NTRFNONREF

Mstari wa kwanza ni salio la kuanzia: C ni krediti, 240301 ni mwaka, mwezi na siku, kisha sarafu na kiasi, senti zikitanguliwa na mkato. Wa pili ni muamala wenye tarehe mbili, ile ya thamani na ile ya kuingizwa kwenye leja. Mwishoni huja :62F:, salio la kufungia. Kwa kuwa salio la mwanzo na la mwisho vyote vimo, programu inaweza kujumlisha yenyewe na kulikataa faili lenye upungufu kabla halijagusa vitabu. Mrithi wake, camt.053 wa kiwango cha ISO 20022, unasema mambo hayohayo kwa lugha ya XML na kuacha nafasi pana zaidi ya maelezo. Mwenye duka hatauhitaji, ila mhasibu wa kampuni yenye akaunti benki nne anafaa kuwaomba watu wa benki wampe mmojawapo kabla hajakubali kuletewa PDF kila mwezi.

PDF na taarifa za simu

Na PDF ndiyo wengi wanayopewa. PDF haina jedwali ndani yake. Ina maagizo ya kuchora: herufi hii iweke hapa, namba hii iweke pale. Jicho linaona safu kwa kuwa vitu vimepangwa wima, lakini kompyuta inaona vipande vya maandishi vilivyotawanyika. Zana ya bure kama Tabula huweza kuvikusanya na kutoa CSV, mradi PDF imetoka kwenye kompyuta ya benki moja kwa moja. Ikiwa ni karatasi iliyopigwa skani, Tabula haina la kufanya. Utahitaji programu ya kutambua herufi, nayo haichelewi kusoma 8 kama 3.

Kosa la kawaida la PDF ni maelezo marefu yanayokunjwa mistari miwili: mstari wa pili unaonekana kama muamala mpya usio na kiasi. Lingine ni ukurasa kukatika katikati na "salio linaloletwa mbele" kuhesabiwa kama fedha iliyoingia. Hili la pili ni baya, maana linaongeza mamilioni ambayo hayapo.

Sipendi kabisa tovuti zinazojitangaza kubadilisha PDF ya benki kuwa Excel bure. Taarifa ya miezi sita inaonyesha unamlipa nani mshahara, unanunua wapi, nani anakudai, na mara nyingi majina na namba za simu za wateja wako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Ukizitupa taarifa za wateja kwenye seva usiyoijua, wa kujieleza ni wewe. Zana inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako inatosha.

Taarifa ya M-Pesa inastahili uangalifu wa pekee. Kwa Mkenya, faili huja likiwa limefungwa kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi, na muamala wa karibuni zaidi uko juu. Kila muamala una namba ya risiti, na hapo ndipo mtu mwerevu anapojikwaa. Anafikiri: namba ya risiti haijirudii, basi nitaitumia kama FITID, kila iliyojirudia niifute. Lakini ada ya kutuma huandikwa kwenye mstari wake yenyewe, ikiwa na namba ileile ya risiti ya muamala uliosababisha. Akifuta zilizojirudia amefuta ada za mwezi mzima. Salio litapishana kidogo kidogo, shilingi kumi na tatu hapa, ishirini na tatu pale, na atatafuta mpaka macho yamuume. Kitambulisho kinachofaa ni namba ya risiti pamoja na maelezo na kiasi.

Safu ya salio

Kuna safu moja ambayo watu huitupa kwa sababu programu haiihitaji: safu ya salio. Mimi naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kwenye nakala ya faili, ongeza safu mpya: chukua salio la mstari uliotangulia, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka, kisha toa salio lililoandikwa kwenye mstari huo. Jibu lazima liwe sifuri, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kwenye mfano wetu 1,650,000 jumlisha 485,000 ni 2,135,000, sawa na benki. Mahali sifuri inapokatika kwa mara ya kwanza ndipo kosa lilipo: mstari umepotea, namba imesomwa vibaya, au alama imegeuka. Kwa taarifa ya M-Pesa kipimo kinatembea kutoka chini kwenda juu.

Dakika chache za kazi hii zinakuhakikishia kwamba faili limesomwa lote na limesomwa sawa. Baada ya hapo, salio likikataa, unajua tatizo limehamia kwenye vitabu vyako, na huna sababu ya kulirudia faili.

Kilichokwisha kuandikwa

Programu inapopokea mstari inajiuliza kama umo tayari. Isipokuwa na FITID inaangalia kiasi na ukaribu wa tarehe. Dirisha la ulinganishaji la GnuCash linaonyesha uamuzi wake kwa rangi na kwa visanduku: A ni kuongeza muamala mpya, C ni kuthibitisha uliokwishaandikwa, U+C ni kuurekebisha na kuuthibitisha. Mstari mwekundu hautaingizwa. Watu hupitisha macho haraka na kubonyeza kitufe cha kukubali.

Tatizo linatokea pande zote mbili. Mafundi wawili wamenunua vitu vya 34,000 siku moja na kulipia benki. Programu inaona kiasi kimoja, tarehe moja, inadhani ni nakala na kuuacha mmoja. Kinyume chake, ulipakia taarifa ya Machi 1 hadi 20, kisha ukapakia ya mwezi mzima, na katikati benki imebadilisha maelezo ya muamala uliokuwa unasubiri; programu haiutambui, inauingiza tena. Kinga rahisi ni kutopishanisha vipindi. Pakia mwezi uliokwisha, toka tarehe mosi hadi ya mwisho, na usiguse mwezi ambao bado unaendelea.

Sasa suala linaloharibu hesabu kuliko yote, nalo halihusiani na faili. Mteja alichukua nondo na saruji kwa ankara ya 1,200,000. Ulipoandika ankara kwenye programu, mauzo ya 1,200,000 yalihesabiwa siku hiyohiyo na mteja akawekwa kwenye wadaiwa. Wiki tatu baadaye analipa. Taarifa ya benki inaleta mstari wa 1,200,000, programu inakuuliza ni wa nini, nawe unachagua "mauzo". Umeuza mara mbili. Mapato yamepanda hewani kwa 1,200,000, mteja bado anaonekana anadaiwa, na utakapokadiria kodi utalipia faida ambayo hukuipata. Salio la benki litakuwa sahihi kabisa, senti kwa senti, na hiyo ndiyo hatari yake: hakuna kengele inayolia. Mstari kama huo haufai kuongezwa. Unapaswa kuunganishwa na ankara iliyopo. QuickBooks na Xero hupendekeza ankara inayolingana, lakini hupendekeza vizuri pale kiasi kinapofanana tu.

Na mara nyingi kiasi hakifanani. Taasisi ya serikali ikikata kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye bidhaa ulizoiuzia, ankara ya 1,000,000 inaleta 980,000. Ile 20,000 ni kodi yako iliyokwishalipwa, na unaidai cheti chake. Ukiiandika kama punguzo la bei umeitupa. Mashine ya kadi ina mchezo kama huo. Umeuza 300,000 kwa siku, benki imekata kamisheni yake, imeingiza 292,500. Ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku kwenye mashine ya risiti za kodi (EFD), inasema 300,000. Ukiandika mauzo ni 292,500, vitabu vyako na TRA vitapishana kila siku ya mwaka. Mauzo ni 300,000, na 7,500 ni gharama. Taarifa ya benki haitakwambia hivyo, kwa sababu benki inaona kilichoingia tu.

Tukirudi kwenye ile 485,000 ya Lipa Namba: wateja walikuwa wamelipa kwa simu, fedha ikakaa kwenye akaunti ya simu ya biashara, jioni mwenye duka akaihamishia benki. Kama unaingiza taarifa ya benki na ya simu pia, 485,000 inaonekana mara mbili, inatoka huku na kuingia kule. Upande wa simu uliingiza mauzo moja moja. Ukiuita na mstari wa benki mauzo, umehesabu upya siku nzima. Dawa yake ni akaunti ya kupitishia. Kinachotoka kwenye simu kinaingia humo, kinachofika benki kinatoka humo, na mwisho wa mwezi lazima ibaki sifuri. Ikibaki na kitu, ama uhamisho mmoja haujafika ama upande mmoja umeuweka pasipo pake. Sijaona njia nyingine inayofanya kazi kwa uaminifu pale programu inapoletewa taarifa mbili kwa nyakati tofauti.

Yapo mengine ya aina hii, nitayapitia haraka. Mkopo ukiingia si mapato, na rejesho likitoka si gharama yote: kwenye rejesho la 520,000 sehemu ni deni linalopungua na sehemu ni riba, na riba pekee ndiyo gharama. Mgawanyo wake uko kwenye ratiba ya mkopo, benki haiuandiki kwenye taarifa. Ada ya shule ya mtoto iliyolipwa kutoka akaunti ya duka ni fedha aliyochukua mwenye biashara, wala si gharama ya duka. Makato ya benki huja vipande vipande, ada yenyewe, ushuru wa bidhaa, VAT. Aliyesajiliwa VAT ana sababu ya kuvitenganisha, wengine waviweke pamoja waendelee na kazi.

Kuhusu kanuni za kiotomatiki, zile za "kila mstari wenye neno fulani upeleke akaunti fulani", mimi ni mchoyo. Kwa makato, umeme na kodi ya pango ni sawa. Kwa fedha zinazoingia sipendi, kwa sababu maelezo ya benki hayatofautishi mteja aliyelipa deni, shemeji aliyekukopesha na uhamisho wako mwenyewe. GnuCash hujifunza kwa takwimu za maneno kutokana na maamuzi yako ya nyuma. Ukimfundisha vibaya mwezi wa kwanza, ataurudia upotofu huo kwa bidii miezi yote inayofuata. Mstari usioujua uache kwenye akaunti ya muda hadi umuulize mwenye habari.

Salio likiendelea kugoma

Kwanza hakikisha salio la mwanzo limeandikwa, tena la tarehe sahihi. Wengi huingiza Machi kwenye akaunti tupu na kushangaa tofauti ya 1,650,000, ambayo ni fedha iliyokuwemo Februari 29 jioni.

Kisha andika tofauti kati ya programu na benki kwenye karatasi. Itafute kama ilivyo kwenye taarifa: ukikuta muamala wa kiasi hicho, ama umekosekana ama umeingia mara mbili. Usipouona, igawe kwa mbili utafute nusu yake. Muamala wa 90,000 uliopaswa kutoka ukaingia husababisha tofauti ya 180,000, kwa hiyo nusu inakupeleka kwenye mstari uliogeuka alama. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi, 54,000 badala ya 45,000. Hilo faili halifanyi, ni mkono wa mtu aliyeandika muamala kabla taarifa haijaja. Na kama tofauti ni namba ndogo isiyoeleweka, tazama ada.

Kuna tofauti nyingine ambayo haipaswi kuondolewa kabisa. Uliandika hundi ya 600,000 kwa msambazaji tarehe 28 Machi, naye akaipeleka benki tarehe 4 Aprili. Vitabu vyako vimeitoa Machi, benki itaitoa Aprili. Salio halitalingana Machi 31 na wala halitakiwi kulingana. Hundi hiyo inaorodheshwa kwenye usuluhishi wa benki, yaani ulinganishaji wa vitabu na taarifa ya benki, kama ambayo bado haijawasilishwa. Nimeona watu wakiifuta ili namba zifanane, kisha Aprili taarifa inaileta kama muamala mpya na wanaiita manunuzi ya Aprili, huku risiti ya msambazaji ikisema Machi na mzigo ukiwa umeshauzwa.

Kama unaanza leo, anza na mwezi mmoja uliokwisha, tena wenye miamala michache. Usipakie miaka mitatu kwa mkupuo eti upate historia. Funga mwezi huo hadi usuluhishi ukubali na akaunti ya kupitishia iwe sifuri, hifadhi nakala ya vitabu, ndipo upakie unaofuata. Na lile faili la benki kama lilivyoshuka, kabla Excel haijaligusa, liweke kwenye folda ya mwaka wake pamoja na PDF yenye muhuri, kwa kuwa mkaguzi akija ataanza na hiyo PDF.